Nilimwambia Aache Kurusha

Akina mama wenzangu, mimi ni muuguzi, na kazi yangu imenizoesha kuandika. Joto la mgonjwa asubuhi, mchana, jioni. Hakuna muuguzi anayesema mgonjwa amepona kwa kusoma kipimajoto mara moja. Lakini kwa mwanangu nilisahau hayo yote.

Kijana wetu wa pili yuko chuoni Mbeya, na anacheza mpira wa kikapu. Alipokuwa mdogo hapa Tunduma, baba yake alimwomba fundi wa mageti amchomelee ringi ya chuma. Alikuwa akirusha mpaka giza linaingia, malori ya kwenda Zambia yakiwa kwenye foleni. Hupenda kurusha kutoka mbali, nyuma ya ule mstari ulio mita 6.75 kutoka kikapuni, ambako mpira ukiingia ni pointi tatu. Siku nyingine huingiza mitano, siku nyingine hata mmoja.

Mwaka jana nilipanda basi kwenda kumtazama. Alirusha mara saba, yote ikatoka, wakafungwa. Nyuma yangu watu walipiga kelele, "Mtoeni huyo!" Niliona aibu kana kwamba natolewa mimi. Jioni nikamwambia, "Mwanangu, acha kurusha. Wape wenzako mpira." Akajibu, "Sawa, mama," akaendelea kula kimya.

Akaacha kweli. Baada ya mechi tatu akanipigia simu: kocha amemweka benchi. Nikashangaa, si ameacha kupoteza mipira?

"Mama, nisiporusha, anayenilinda ananiacha, anakwenda kumzuia mrefu wetu chini ya kikapu. Ni kama tuko wanne uwanjani."

Akanisimulia habari za Mmarekani Stephen Curry. Novemba 2008, akiwa chuo cha Davidson, timu ya Loyola ya Maryland ilimwekea walinzi wawili mechi nzima. Yeye akasimama pembeni nao, akamaliza bila pointi hata moja. Wenzake wanne wakabaki na walinzi watatu, wakashinda 78 kwa 48. Na Novemba 2016, akiwa Golden State, alirusha kumi za mbali asiingize hata moja. Mechi iliyofuata akaingiza 13, rekodi ya ligi wakati ule.

"Mama yake angemwambia aache!" akasema, akacheka. Mimi sikucheka.

Usiku nikachukua daftari. Anayeingiza mitupo 10 ya mbali kati ya 30 anapata pointi 30, sawa na anayeingiza 15 ya karibu kati ya 30. Timu yao ina kijana anayeandika kila mtupo, nikaomba hesabu ya mwanangu. Alikuwa amerusha 54, imeingia 19, na ile saba niliyoiona mimi imo humo. Ni zaidi ya theluthi kidogo. Nilikuwa nimesoma kipimajoto mara moja.

Sisemi acheze dakika zote. Kukaba bado ni mvivu, hilo nililiona kwa macho yangu. Ningekuwa kocha ningemwingiza wapinzani wanapojazana chini ya kikapu, na siku ambayo mkono umekataa ningemwacha asimame palepale mbali, wamwogope tu.

Nikampigia nikamwambia nilikosea, arushe. Kimya kidogo.

"Mama, Jumamosi utakuja?"

Nilikuwa na zamu. Nimebadilishana na mwenzangu, nitalala kazini Jumapili baada ya kwaya.