Mama wa C:\> Ahamia Linux, Kikoba Kizima Kimya!

Kuna mama mmoja hapa Dar, wanawe wakimuona kashika simu wanamnyang'anya. "Lete mama, utaiharibu." Anawaachia. Wasichojua ni kwamba huyu mama alikuwa anaendesha kompyuta wao hata hawajazaliwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 90 alikuwa mpiga chapa kwenye ofisi moja. Mashine ni MS-DOS, hakuna mausi wala picha za kubonyeza. Skrini nyeusi, imeandikwa C:\>, halafu kimstari kinawaka na kuzima kinakusubiri wewe. Barua alizipiga kwenye WordPerfect 5.1, ile ya bluu, F7 unatoka, Shift na F7 unachapisha. Jina la faili lisizidi herufi 8, ndo maana orodha ya malipo aliiita MSHAHARA. Ukiandika MISHAHARA, ile A ya mwisho inakatwa. Mabosi walikuwa wanampangia foleni mlangoni.

Ikaja Windows 95. Ofisi ikaleta binti aliyesomea mausi, mama akahamishiwa kupokea barua. Hakuna aliyewaza kumfundisha. Jina la "hajui kompyuta" lilianzia hapo, na mbaya zaidi mwenyewe akaliamini.

Juzi juzi mpwa wake anayesoma chuo kamwachia laptopu chakavu yenye Linux. Mama ni katibu wa kikoba, na huko vijana walishaanza kunong'ona kwamba atafutwe katibu wa kisasa. Mpwa akamfungulia lile dirisha la kuandika amri. Jeusi! Mama akakaa vizuri kwenye kiti, akaandika dir. Mafaili yakajipanga mbele yake. (Wenyeji wa Linux hutumia ls, ila dir nayo imo.)

Akaandika copy, ikagoma.

"Huku ni cp, mama mkubwa."

cd.. bila kuacha nafasi, ikagoma. Akaandika cd peke yake ili aambiwe yuko wapi, kama zamani, kumbe huku inakurudisha kwenye folda yako ya nyumbani. Ile \ nayo imegeuka /. Tena Michango na michango ni mafaili mawili tofauti, wakati DOS haikujali herufi kubwa wala ndogo.

Kilichomtoa jasho ni rm. Kwenye DOS, toka toleo la 5 la mwaka 1991, ukifuta kwa bahati mbaya kuna undelete. Faili lilikuwa limepotezewa herufi ya kwanza ya jina tu, unairudishia na linafufuka, ilimradi hujaandika kitu kingine juu yake. Sasa mama akafuta faili la michango ya mwaka mzima. rm haikuuliza hata "una uhakika?" Akaandika undelete. Akajibiwa amri hiyo haipo.

Akatulia kimya mpaka mpwa akaogopa.

Bahati daftari lilikuwepo. Usiku huo akaingiza yote upya kwenye nano, vidole kumi, macho kwenye daftari, hagusi kibodi kwa jicho. Mpwa, msomi wa kompyuta mwenyewe, anachapa kwa vidole viwili. Ndo vyuo vyetu hivyo.

Jumamosi kwenye kikao akagawa karatasi zilizochapwa, kila mtu na michango yake, hesabu imekaa. Yule dada aliyekuwa anautolea macho ukatibu akauliza hii kazi kachapa nani.

Mama akamwambia swali lake asubiri kwenye mengineyo.