Kosa la Mgeni

Mtu akizoea ugonjwa wake huuita uzima. Nyumba yenye nguzo iliyoliwa na mchwa husimama miaka mingi bila ya kushukiwa, mpaka siku anapofika mgeni akaegemea ukuta. Ukuta ukianguka, wa kwanza kulaumiwa ni mgeni. Hukumu hiyo ni nyepesi kutolewa, kwa kuwa macho yameona kuegemea, wala hayakuona kazi ya mchwa. Jambo hili ni kweli kwa nyumba, ni kweli kwa watu, na ni kweli vile vile kwa mashine.

Mwaka 2003, katika mji wa Tanga, palikuwa na mwalimu mstaafu mwenye kompyuta kuukuu. Kwa muda wa miaka sita alikuwa akiweka ndani yake maneno ya wavuvi, vitendawili na masimulizi ya wazee wa pwani, mengine kwa maandishi, mengine kwa sauti zao wenyewe. Baadhi ya wazee hao walikuwa wamekwisha fariki. Sauti zao zilibaki mahali pamoja tu duniani: katika diski kuu ya kompyuta ile. Mwalimu alijua ya kuwa kilicho kimoja kikipotea hakina badala. Disketi moja ilichukua megabaiti 1.44 tu, kiasi kisichotosha masimulizi marefu ya mzee mmoja. Lakini sidii moja ilichukua megabaiti 650 au 700. Kwa hiyo alitenga fedha katika pensheni yake, akanunua kiendeshi kipya cha kuandikia sidii, akakitia mwenyewe mahali pa kile cha zamani kilichokuwa kikisoma tu, tena polepole.

Siku ya kwanza kompyuta haikuiona hata diski yake kuu. Kosa hilo lilikuwa dogo. Katika kompyuta za wakati ule vyombo viwili viliweza kushiriki waya mmoja bapa, na kila kimoja kilipangiwa cheo chake kwa kizibo kidogo nyuma yake. Watengenezaji waliviita vyeo hivyo bwana na mtumwa, majina yasiyopendeza masikioni mwa watu wa pwani, ambao babu zao waliyajua mambo hayo kwa maumivu. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimewekwa kuwa bwana. Mwalimu alikihamisha kizibo, kompyuta ikawaka, akashukuru.

Shukrani haikudumu. Alipotia sidii, kiendeshi kilivuma kama upepo wa kusi, kioo kikawa cheusi, na kompyuta ikaanza upya. Akajaribu tena, ikaanguka tena. Mara ya tatu ilipoanguka, moyo wa Mwalimu ulianguka pamoja nayo, maana kila kuzimika kwa ghafula kuliweza kuidhuru diski yenye sauti za marehemu.

Hasira ikamtangulia njiani. Alifika dukani wakati wa alasiri, watu wakiwa wengi.

“Shikamoo, mzee wangu,” akasema mwenye duka, kijana mwenye umri wa wanawe.

“Sikuja kusalimiwa,” akajibu Mwalimu. “Umeniuzia uozo. Wewe ni mwizi wa wazee.”

“Kilete hapa, mzee wangu, tukijaribu mbele yako.”

Mwalimu hakutaka kusikia. Alitoka huku akirudia neno lile. Mnunuzi mmoja alirudisha mezani kitu alichokuwa amekishika, akaondoka naye.

Jioni akaja fundi, aliyekuwa mwanafunzi wake wa zamani. Alisikiliza habari yote bila ya kumlaumu mtu. Kwanza aliitoa diski kuu, akaifunga katika kitambaa na kuiweka kabatini, kisha akatia diski nyingine isiyo na kitu. “Mwalimu,” alisema, “mgonjwa hapimwi akiwa amebeba mtoto mgongoni.” Baada ya hapo alishika kanuni moja: kubadili kitu kimoja tu kila mara, na kuandika kilichotokea kabla ya kugusa kingine.

Aliiwasha kompyuta, akaisimamisha katika ukurasa wa mipangilio, kabla ya programu yoyote kupakiwa kutoka katika diski. Akatia sidii. Ikaanguka. Basi kosa halikuwa la programu. Akabadili waya bapa. Ikaanguka. Akakichukua kiendeshi kipya mpaka katika kompyuta ya jirani. Huko kilisoma na kuandika bila ya kosa. Akaazima kiendeshi cha jirani, akakitia katika kompyuta ya Mwalimu. Ikaanguka vile vile. Mwalimu alikaa kimya, kwa kuwa alianza kuona mahali ushahidi unapoelekea.

Kiendeshi cha sidii huzungusha sahani kwa mota na kuisoma kwa mwali wa leza unaofuata njia iliyojipinda kama ganda la konokono, kutoka katikati kwenda ukingoni. Sidii za muziki, zilizotolewa sokoni na Sony na Philips mwaka 1982, huzunguka mara 200 hadi 500 hivi kwa dakika. Viendeshi vya kompyuta vya miaka ya baadaye, vyenye mwendo wa mara 52, viliweza kuzizungusha karibu mara 10,000 kwa dakika. Mbio hizo zina gharama. Mota hunywa umeme wa volti 12, na kiu yake ni kubwa zaidi inapoanza kuondoka.

Fundi akaweka kipimo katika waya wa volti 12. Kompyuta ilipotulia, kipimo kilionyesha volti 11.6. Sidii ilipoanza kuzunguka, kilishuka chini ya 11, ilhali kiwango kinachokubaliwa hakipungui 11.4. Alichomoa kisanduku cha kugawia umeme, ambacho mafundi hukiita pawa saplai, akakiacha muda mrefu, kisha akakifungua. Ndani yake kapasita tatu zilikuwa zimevimba vichwa, na moja imetokwa na maji ya kahawia. Kilikuwa kimedhoofika kidogo kidogo, na kiendeshi cha zamani kilikisitiri, kwa sababu hakikuomba mengi.

“Kumbe ndiyo maana ya mgeni njoo, mwenyeji apone,” akanena Mwalimu kwa sauti ndogo. “Kingeendelea hivi, siku moja kingaliiua diski pamoja na wazee wangu.”

Usiku ule hakupata usingizi. Kosa la kompyuta lilikwisha kujulikana. Lake lilikuwa bado. Mzee kumwomba radhi kijana ni mzigo mzito, lakini neno la uongo lililosemwa hadharani halifutwi kwa toba ya chumbani. Kesho yake aliingia dukani wakati ule ule wa alasiri, watu wakiwa wengi.

“Mwanangu,” akasema, “jana nilikuita mwizi mbele ya watu. Chombo chako ni kizima. Kibovu kilikuwa changu, na ulimi wangu pia. Nisamehe.”

Kijana alisimama, akampokea kwa mikono miwili. “Yamekwisha, mzee wangu. Keti.”

Mwalimu alinunua kisanduku kipya cha umeme pale pale. Baada ya siku mbili alirudi na sidii mbili: moja ya kuhifadhiwa nyumbani kwa fundi, moja ya kusikilizwa. Kijana akaitia katika kompyuta ya dukani. Sauti ya mvuvi aliyekwisha fariki ikataja majina ya pepo na miezi yake, na wanunuzi wakaacha kuulizia bei.

Leo kompyuta nyingi mpya hutengenezwa bila ya kiendeshi cha sidii, na mafundi wa vijana hawakijui kizibo kile. Vyombo hupita. Ada ya fundi yule haijapita: kuhifadhi kwanza kisicho na badala, kujaribu jambo moja baada ya jingine, na kutomhukumu mgeni kabla ya kuzikagua nguzo za nyumba.