Kisanduku cha mikoa: kivisheni, msikibomoe

Leo stori ni ya projekti tena. Wale msiosoma kompyuta vumilieni kidogo, inawahusu na nyie.

Kundi letu tunatengeneza fomu ya kuombea vyumba vya hosteli. Ndani yake kuna kile kisanduku ambacho ukikibofya inashuka orodha ya mikoa, yote 31, Bara 26 na Zanzibar 5. Ubishi wa wiki nzima pale kimbweta ulikuwa huo: kisanduku kina sura mbaya. Na kweli kina sura mbaya, tena kila kompyuta inakionyesha kivyake. Sababu ipo. Kisanduku hiki, select, kilikuwemo kwenye HTML 2.0 ya mwaka 1995, wakati CSS ya kwanza ilipitishwa Desemba 1996. Yaani kilizaliwa kabla ya nguo, na kwa miaka mingi brauza ziliuachia mfumo wa kompyuta ndio ukichore.

Basi mwenzetu mmoja akakitupa, akajenga kingine kwa div na JavaScript. Kilipendeza, sibishi. Kona za mviringo, kivuli, orodha inateleza. Nikasema kabla hatujakubaliana tumpe jamaa mmoja wa mwaka wa pili ajaribu. Yeye haoni, anatumia NVDA, ile programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti. Akabonyeza Tab, ikaruka kutoka jina moja kwa moja hadi namba ya simu. Akauliza, "Sasa mimi mnataka nitoke wapi?" Tulicheka, ila kicheko kiliisha haraka. Bila mkoa fomu haiendi, na bila fomu hakuna chumba.

Jamani, kile kisanduku kibaya kinafanya kazi nyingi kimyakimya. Ukibonyeza M kinakupeleka Manyara, ukirudia Mara, halafu Mbeya. Mishale ya kibodi inapanda na kushuka. Kwenye simu inafunguka orodha ya simu yenyewe, inayotosha kidole. Programu ya kusoma skrini inakitambua na kutamka kilichochaguliwa. Div haijui hata kimoja kati ya hivyo, mpaka ukae uandike vyote kwa mkono.

Kwa hiyo tulirudisha select, tukakivisha. appearance: none inaondoa sura ya asili pamoja na mshale. font: inherit inakipa fonti ya ukurasa, maana chenyewe hakirithi. Halafu mpaka, kona, rangi, na mshale wetu wenyewe kama picha ya nyuma. Acha nafasi upande wa kulia, Kilimanjaro isije ikagongana na mshale. Ule mstari unaokizunguka Tab ikifika msiufute, ndio unaomwonyesha mtu wa kibodi yuko wapi. Na jina la kisanduku liwekwe kwa label.

Hapo umevisha kisanduku tu. Orodha yenyewe inayoshuka ilikuwa haishikiki kirahisi hivyo, hadi Chrome 135 ya Aprili 2025 ilipoleta appearance: base-select. Unaiandika kwenye select na kwenye ::picker(select), kisha unapaka rangi orodha nzima upendavyo. Brauza isiyoielewa inauruka tu huo mstari na kuonyesha orodha ya kawaida. Hakuna anayekosa chumba kwa sababu ya urembo.

Mwenzetu amepata kona zake za mviringo, na jamaa wa mwaka wa pili amechagua Ruvuma bila kushikwa mkono.

Ombi langu kwenu mnaomalizia projekti: weka kipanya pembeni, ujaze fomu yako kwa kibodi peke yake. Pale utakapokwama, ujue kuna mwanafunzi mwenzako umemfungia mlango.

Haya, foleni ya kantini inaniita. Tuonane wiki ijayo.