Kuvuka Ulaya kwa Barabara Zisizo na Ushuru

Wako Waislamu wengi wakaao Ubelgiji, Uholanzi, Ujerumani na Ufaransa, hasa watu wa asili ya Maroko, ambao kila kiangazi hufunga safari ya nchi kavu pamoja na wake na watoto, kwenda kuwatazama wazee wao. Hukata Ufaransa na Hispania hata bandari ya Algeciras, kisha huvuka kwa meli Mlango wa Gibraltar, yaani Jabal Tarik, mlima ulioitwa kwa jina la Tarik bin Ziyad aliyevuka hapo mwaka 711. Baadhi yao hukokota nyuma ya motokaa tela lililojengwa mfano wa nyumba, lenye vitanda na jiko ndani yake. Tela hilo huitwa karavani.

Kutoka Brussels mpaka Algeciras ni zaidi ya kilomita 2,000, nao ushuru wa barabara waweza kula sehemu kubwa ya fedha alizowekewa mama mzazi. Basi yafaa tutazame jinsi mtu awezavyo kuipunguza gharama hiyo bila ya kuwatia jamaa zake taabuni. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwanza ifahamike kwamba nchi za Ulaya si sawa katika jambo hili. Ujerumani, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg hazitozi motokaa za watu binafsi ushuru katika barabara zao kuu, ila katika mahandaki machache. Uswisi na Austria humtaka mtu anunue kibali cha muda fulani, nako Uswisi tela nalo hutakiwa kibali chake mbali na cha gari. Ama Ufaransa na Italia, aghalabu hulipisha kwa kadiri ya mwendo. Tena Ufaransa motokaa peke yake huwa katika daraja la kwanza, lakini ikikokota karavani iliyopita kimo cha mita 2 huhesabiwa daraja la pili, na ushuru huzidi. Kwa hivyo mwenye karavani ana sababu kubwa kuliko wengine ya kuitafuta njia ya bure.

Njia yenyewe ipo. Kutoka Brussels hushika barabara ya Gent na Brugge, ukaingia Ufaransa kwa Dunkerque, ukapita Calais mpaka Boulogne, na kote huko hakuna ushuru. Kutoka Boulogne barabara kuu huanza kutoza. Hapo huiacha ukashika D901, barabara ya zamani ipitayo Montreuil, mpaka Abbeville. Kutoka Abbeville hadi Rouen iko A28, nayo ni bure. Kisha huja Évreux, Dreux na Chartres kwa N154, na baada ya Orléans D2020 hukupeleka mpaka Vierzon. Katika sehemu hii utakutana na vijiji, taa na viplefti vingi, kwa hivyo usiihesabu kwa kilomita bali kwa saa.

Ukifika Vierzon umepata faraja, maana A20 ya kwenda Châteauroux na Limoges ni barabara pana isiyo na ushuru. Limoges hugeuka magharibi kwa N141 hata Angoulême, na kutoka huko N10 hukufikisha Bordeaux. Kusini ya Bordeaux, katika misitu ya Landes, barabara ya A63 hutozwa tangu mwaka 2013. Njia za pembeni zipo, lakini ni za vijiji. Ikiwa dereva amechoka na watoto wanalia, kulipa hapo si israfu.

Wako wapendao njia nyingine, A75, ishukayo kutoka Clermont-Ferrand mpaka Béziers. Nayo ni bure, ila daraja la Millau lililofunguliwa Desemba 2004. Daraja hilo lina urefu wa mita 2,460, na nguzo yake ndefu hufika kama mita 245. Asiyetaka kulipa huteremka mjini Millau na kupanda tena upande wa pili. Walakini A75 hupanda zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na miteremko yake ni mirefu. Mwenye tela zito na breki chovu asiitamani njia hiyo kwa kuwa ni bure tu.

Hispania mambo yamebadilika sana, na anayeshika ramani ya zamani hudanganyika. Barabara ya AP-1 ya kuendea Burgos iliachiliwa ushuru mwishoni mwa Novemba 2018. AP-4 ya Sevilla na Cádiz mwanzoni mwa 2020. Na sehemu kubwa ya AP-7 ya pwani ya mashariki, huko Catalonia, ilifuata Septemba 2021. Kwa hiyo msafiri, akiisha kuvuka mpaka wa Irun, hushika N-1 kuikwepa AP-8 ambayo bado hutozwa, akaenda Vitoria, Burgos na Madrid. Mji wa Madrid huuzunguka kwa M-50, akaingia A-4, akapita Córdoba, penye ule msikiti mashuhuri ulioanzwa kujengwa karne ya 8 na ambao tangu 1236 ni kanisa. Baada ya Sevilla na Jerez, A-381 humfikisha Algeciras. Tangu Burgos hata bandarini hakuna kibanda cha ushuru.

Sasa tuseme juu ya hesabu. Njia ya bure si bure kabisa. Gari linalokokota hunywa mafuta mengi, na kila kiplefti cha kusimama na kuondoka huongeza unywaji huo. Mwenye busara huandika katika karatasi safu mbili: upande mmoja ushuru atakaouepuka, upande wa pili mafuta ya ziada na usiku wa ziada njiani. Zikikaribiana, achague njia iliyo salama. Kadhalika atazame uzito. Leseni ya kawaida ya Ulaya, daraja B, huruhusu tela la kilo 750, au zito zaidi maadamu gari na tela pamoja hayapiti kilo 3,500. Vitu vizito viwekwe chini, karibu na magurudumu. Vikirundikwa nyuma, tela huyumba, na tela likiyumba katika mwendo wa kasi huweza kupindua gari na wote waliomo.

Pia tutenganishe mambo mawili yanayofanana kwa macho. Kuacha barabara ya ushuru ukashika ya bure ni haki yako, wala hapana wa kukulaumu. Lakini kupita barabara ya ushuru kisha usilipe ni kula haki ya mtu. Siku hizi ziko barabara, kama A13 ya Normandy, zisizo na kizuizi wala kibanda. Kamera huisoma namba ya gari, nawe wapaswa kulipa mwenyewe ndani ya saa 72. Asiyeona kizuizi asidhani hakuna deni. Na asome vibao kabla ya kuingia, sio baadaye.

Enyi vijana mnaoendesha magari ya baba zenu, jueni kwamba ushuru ulioepukwa waweza kupatikana tena kwa kazi ya siku mbili, lakini mtoto aliyepotea kwa dereva aliyesinzia hapatikani tena. Basi gaweni safari siku nne au tano badala ya mbili. Simameni nyakati za sala, mnyooshe miguu, mzitazame pepo za magurudumu na kile chuma kinachofunga tela. Faida ya karavani ndiyo hiyo: popote paruhusiwapo kulala, nyumba yako i pamoja nawe. Mwenda pole hajikwai, na mama aliye Tanja hangoji fedha tu, awangoja nyinyi mfike wazima.