Taa ya Pikipiki: Tuone bila Kuwapofusha Wengine



Katika inchi yetu jua halina desturi ya kukawia. Mwaka mzima, ikikaribia saa kumi na mbili ya jioni, linashuka, na muda si mrefu giza limekwisha kutanda. Sisi tunaoendesha pikipiki mjini Lubumbashi, na kwenye barabara za Likasi na Kasumbalesa, tunaijua vizuri saa hiyo. Ni saa ya kazi nyingi, tena ni saa ya hatari nyingi. Maana njiani hatuko peke yetu: kuna malori yanayobeba madini, kuna akina mama wanaotembea kwa miguu, kuna na wanaume wanaosukuma baiskeli zenye magunia ya makala, bila taa hata moja.

Tufanye hesabu ndogo. Pikipiki inayokwenda kilometa 60 kwa saa inapita karibu meta 17 kwa kila sekunde. Macho yakiisha kuona kitu, mkono unakawia kama sekunde moja kabla ya kushika breki. Halafu, hata juu ya lami kavu, pikipiki yataka meta 20 au zaidi ili isimame. Basi, mwenye taa inayoonyesha meta 25 tu, akienda mbio hivyo, hawezi kusimama mbele ya mtu aliyemwona. Atamgonga.

Ndiyo maana wengi wetu tunakimbilia dukani kununua taa kali. Shauri hilo si baya, lakini kuna mambo manne ya kuangalia.

Kwanza, tutazame taa tuliyo nayo. Pikipiki nyingi ndogo zina ampuli ya wati 35 tu, na pengine nguvu hiyo haifiki yote. Waya zimelegea, kutu imeingia kwenye viungo, kioo kimejaa vumbi jekundu. Tena volti zikipungua sehemu moja kwa kumi, mwanga wa ampuli ya kawaida unapungua karibu sehemu tatu kwa kumi. Kabla ya kutoa franka, tuchukue kitambaa na kipande cha msasa, tusafishe kioo na viungo vya waya, tukaze vilivyolegea. Mara nyingi taa ya zamani inafufuka.

Pili, tutazame mwanga unaanguka wapi. Tusimamishe pikipiki mahali pa sawa, meta 10 mbele ya ukuta, nasi tumekaa juu yake pamoja na abiria, kama siku zote za kazi. Tuwashe mwanga mfupi. Ukingo wake wa juu uwe chini ya kimo cha taa, kama sentimeta 10 au 15. Mzigo mzito ukiwekwa nyuma, nyuma inashuka na taa inainua kichwa. Hapo tunamulika majani ya miti, na barabara inabaki gizani.

Tatu, tuchague ampuli kwa akili. Taa za LED ni kazi kubwa ya elimu: waliovumbua LED ya rangi ya buluu, ambayo ilifungua njia ya taa nyeupe za namna hiyo, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2014. Kwa wati chache zinatoa mwanga mwingi, na dinamo ndogo haichoki. Lakini kile kikombe kinachong'aa ndani ya taa yetu kilitengenezwa kwa ajili ya uzi mwembamba wa ampuli, uliokaa mahali pake hasa. Tukitia LED isiyomulika kutoka mahali pale pale, mwanga unatawanyika. Karibu na gurudumu panakuwa peupe sana, nasi tunafurahi; kumbe mbali hatuoni zaidi, na anayekuja mbele yetu anapofuka. Afadhali kununua taa nzima iliyotengenezwa kwa LED, pamoja na kioo chake.

Nne, tuangalie taa ilitoka wapi. Sisi tunapita upande wa kuume, lakini Zambia na Tanzania wanapita upande wa kushoto. Taa nyingine zilizotengenezwa kwa inchi kama hizo huinua mwanga mfupi upande wa kushoto. Kwao ni ukingo wa njia. Kwetu ni macho ya anayetujia. Ule ukuta utatuonyesha: mstari wa mwanga ukipanda kushoto, taa hiyo haitufai.

Mwenzetu mmoja alifunga taa kali namna hiyo, akajisifu sana. Usiku wa tatu alikutana na mzee mwenye baiskeli ya makala. Mzee akafunika macho kwa mkono, akapotewa na njia, akaanguka mtaroni. Gunia likapasuka, mkono ukavunjika. Motari alishuka kumsaidia, akasema: «Lakini nilikuona vizuri, baba.» Mzee akajibu: «Ndiyo, mwanangu, wewe uliniona. Mimi sikuona hata mguu wangu.»

Ndugu wamotari, neno la mzee yule latuhusu sisi sote. Tukikutana na mtu, awe na gari au awe na miguu yake tu, tushushe mwanga mapema. Wakati wa kiangazi, moshi na vumbi vikijaa njiani, tutumie mwanga mfupi, kwani mwanga mrefu unaturudia machoni. Na hata tukipata taa nzuri namna gani, tusiende mbio kuliko macho yetu: tuweze kusimama ndani ya meta zile tunazoziona. Barabara si yetu peke yetu. Taa iliyo njema inamfikisha nyumbani anayeiwasha, na inamfikisha pia yule anayekutana nayo.