Ziwa Moja, Abiria wa Aina Mbili

Mwaka jana mimi na wenzangu watatu tulikodi boti Muganza, wilayani Chato, tukazunguke kisiwa cha Rubondo. Nahodha alikataa kung'oa nanga hadi kila mmoja wetu afunge jaketi okozi. Jioni, tulipotia nanga kando ya kisiwa, ulitupita mtumbwi wa abiria uliosheheni akina mama, watoto na magunia ya dagaa. Sikuona jaketi hata moja.

Ndugu msomaji, tusijifiche nyuma ya mapenzi ya Mungu. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati la Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa pekee walizidi 220. Hesabu hiyo haihitaji shahada.

Sheria tunazo. Tunachokosa ni mtu wa kusimama mwaloni na kusema: wametosha, chombo kisiondoke. Mtalii analindwa kwa kuwa amelipa. Mwananchi naye hulipa kodi. Tangu 1977 Rubondo ni Hifadhi ya Taifa, na mazalia ya samaki yanalindwa humo. Dola inayomudu kulinda samaki itashindwaje kuwalinda wavuvi?