Vyombo vya Masikio na Kompyuta ya Nyumbani

Katika nyumba za askari kuna maradhi ambayo hayapewi hata heshima ya kuitwa maradhi. Husemwa tu kwamba mzee amekuwa mkaidi, au kwamba afande fulani siku hizi ana majivuno, ukimwamkia hakuitikii. Kumbe hasikii. Bunduki ya vita inapolia karibu na sikio la mpigaji hutoa mshindo unaopita desibeli 150, na mshindo wa ghafula uliozidi 140 waweza kuliharibu sikio papo hapo. Ndani kabisa ya sikio mna chembe zenye vinyweleo, nazo zikishakufa hazioti tena. Lakini hazifi zote kwa pamoja. Hutangulia zile zinazopokea sauti nyembamba, na ndiyo sababu mzee husikia vema ngurumo ya lori barabarani, ila mjukuu akimnong'oneza hapati neno.

Katika Kiswahili jambo hili lina sura yake ya pekee. Irabu zina nguvu, nazo hubaki. Konsonanti nyembamba kama s, f na t hutangulia kupotea. Mtu aliyepotewa na s na t huachiwa i na a peke yake, na hapo sita na tisa kwake huwa neno moja. Mume wangu alitumikia kikosi cha mawasiliano miaka mingi, na mkate wa mtu wa mawasiliano ni tarakimu. Alijitambua mwenyewe kabla daktari hajamwambia, siku alipoona kwamba kila ujumbe wenye sita au tisa analazimika kuomba urudiwe. Hata leo muuza samaki akimtajia bei, yeye humtaka aonyeshe vidole.

Si yeye pekee. Shirika la Afya Duniani lilitangaza katika taarifa yake ya mwaka 2021 kwamba watu zaidi ya milioni 430 duniani wana upungufu wa kusikia unaohitaji msaada. Mwaka huohuo, baada ya mume wangu kustaafu, tulinunua vyombo vya masikio, jozi moja, kwa fedha ambazo tulikuwa tumeziweka kwa ajili ya mabati. Muuzaji alituhakikishia kwamba vyombo hivyo havina haja ya waya, vitaungana na kitu chochote cha kisasa. Uso kwa uso vilifanya kazi njema, sina lawama. Taabu ilikuja kwenye kompyuta.

Yafaa nieleze kwa nini kompyuta, wala si simu. Kijana wetu ni askari, naye yuko Somalia, ambako majeshi ya Uganda yamekuwako tangu mwaka 2007. Siku ya Jumapili mtandao ukiruhusu hutupigia, nasi hupokea kwenye kompyuta kwa kuwa kioo chake ni kipana na baba yake husoma midomo. Nusu ya kusikia kwa mtu wa namna hiyo iko machoni. Uso ukiwa mdogo kama kiberiti, midomo haisomeki.

Basi sauti ilitoka kwenye spika za kompyuta, ikapiga kuta, ikachanganyika na kelele za jikoni na za nyumba ya pili, kisha ndipo ikafika kwenye vyombo vya masikio, navyo vikaikuza pamoja na takataka zake zote. Mzee alikuwa akiona midomo ya mwanawe inacheza, akitikisa kichwa kwa adabu, halafu ananigeukia: "Amesemaje?" Ikawa mimi ndiye mkalimani wa baba na mwana. Baba akiuliza kwa ukali kwa nini hela za shamba hazikuletwa, mimi nilimwambia kijana, "Baba anauliza habari za shamba." Kijana akijibu kwa mkato, nami nilimpelekea mzee jibu lililokwisha kulainishwa. Nasema bila haya kwamba kazi ile niliifanya vizuri, na nyumba ilikuwa na amani. Lakini mwanamume mzima aliyepokea ujumbe wa vita kwa masikio yake mwenyewe hapendi kusomewa habari za mwanawe kama anayesomewa barua. Tena kuna mambo ambayo askari humwambia askari mwenziwe tu, hata akiwa baba yake, nayo hayakuweza kusemwa maana mimi nilikuwa katikati.

Tulijaribu kuunganisha vyombo na kompyuta kama tulivyoahidiwa. Kompyuta ilitafuta, ikazungusha kiduara chake, wala haikuviona. Mara moja iliviona ikaandika jina lake, lakini sauti haikupita. Nilidhani vimeharibika. Mzee wangu, ambaye redio anazijua kuliko anavyojua kompyuta, ndiye aliyelifumbua fumbo baada ya kijana mmoja fundi kutueleza mambo ya Bluetooth. "Hizi ni redio mbili zilizowekwa kwenye masafa mamoja," alisema, "ila kila moja ina msimbo wake. Zote zaweza kunguruma mpaka kesho, haisikiki hata moja."

Na ndivyo ilivyo. Bluetooth ni redio ndogo ya mwendo mfupi ambayo kampuni ya Ericsson huko Sweden ilianza kuitengeneza mwaka 1994, na jina lake lilitokana na Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10 aliyeunganisha watu wake chini ya utawala mmoja. (Huyo mfalme angalitazama vyombo vya masikio vya leo angalirudi kaburini.) Redio hiyo, kwa namna inavyotumika katika vipokea sauti vya vijana, hula umeme mwingi, ilhali betri ya chombo cha sikio ni ndogo kama kifungo cha shati nayo hutakiwa kudumu siku kadhaa. Mwaka 2010 ilitoka Bluetooth ya aina ya pili isiyokula sana umeme, lakini hiyo haikuwekewa utaratibu wa kubeba sauti ya mtu. Watengenezaji hawakungoja. Apple ya Marekani ilipanga njia yake, na mwaka 2014 vikaanza kuuzwa vyombo vya masikio vinavyozungumza moja kwa moja na simu zake; mwaka 2018 Google ikatangaza njia nyingine kwa ajili ya simu za Android. Kompyuta za kawaida za Windows zikabaki nje ya maafikiano yote mawili. Vyombo vyetu vilikuwa vya njia ya Apple, kompyuta yetu ni ya Windows. Muuzaji angetuuliza swali moja tu, "Nyumbani mna kompyuta gani?", tungalijua mapema.

Fedha za kununua vingine hatukuwa nazo. Kilichotuokoa ni kitu cha zamani. Ndani ya vyombo vingi vya masikio kuna koili, yaani waya mwembamba uliosokotwa, unaonasa nguvu za sumaku. Ufundi huu ulipata hataza Uingereza mwaka 1937, nao ulisaidia sana katika simu za mkono za zamani, na katika makanisa na kumbi ambamo waya umezungushwa kuta zote. Fundi wa masikio huiita koili hiyo T. Kuna kamba maalumu inayovaliwa shingoni kama mkufu, yenye waya ndani na kijisanduku cha betri. Kijisanduku hupokea sauti ya kompyuta kwa Bluetooth ileile ya vijana, kisha huigeuza kuwa nguvu za sumaku katika mkufu, na koili za masikio yote mawili huinasa. Kompyuta haina habari kwamba inazungumza na mzee asiyesikia. Yenyewe yadhani imepata kijana mpenda muziki.

Tulilazimika kurudi kwa fundi wa masikio ili aifungue T, kwa maana ilikuwamo ila haikuwekwa kazini. Vyombo vidogo sana vinavyozama ndani ya tundu la sikio mara nyingi havina koili, basi ulizeni kabla ya kulipa. Yako na makero yake. Mzee akikaa karibu na transfoma ya ukutani husikia mvumo kama wa nyuki. Pia sauti huchelewa kidogo nyuma ya midomo, jambo linalomsumbua anayesoma midomo, ila baada ya majuma machache alizoea.

Jumapili ya kwanza sauti ilikuja imebanwa, kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Dawa yake ni rahisi, nami naiandika hapa kwa sababu yaweza kumpata yeyote mwenye vyombo vya Bluetooth. Kompyuta ikitumia kifaa kimoja kusikiliza na kusemea, hushusha ubora wa sauti ili pande zote mbili zipite. Ingieni kwenye mipangilio ya sauti, mchague mkufu uwe wa kusikilizia tu, na maikrofoni iwe ile ya kompyuta yenyewe. Tulipofanya hivyo pipa liliondoka.

Jirani yetu, mkaguzi wa polisi aliyestaafu, yeye amepata njia nyepesi zaidi. Binti yake alimnunulia vyombo vya aina mpya inayoitwa LE Audio, ambayo ilitangazwa mwaka 2020, ikakamilishwa mwaka 2022, na Windows 11 ikaanza kuipokea mwaka 2023. Huu ndio msimbo mmoja ambao wote walipaswa kuwa nao tangu mwanzo. Lakini hata hapo vitu vitatu lazima vikubaliane: vyombo vyenyewe, redio iliyomo ndani ya kompyuta, na programu inayoiendesha redio hiyo. Katika mipangilio ya Bluetooth tulikuta swichi inayosema LE Audio itumike inapopatikana. Swichi hiyo isipokuwapo, kompyuta hiyo haiwezi, msiisumbue. Tulizima Bluetooth ya simu yake ili isivinyakue vyombo kabla yetu, tukavizima na kuviwasha ili vijitangaze, kompyuta ikaviona vyote viwili. Mkaguzi alisikia taarifa ya habari kutoka kompyuta bila mkufu wala waya, akatufukuza sote chumbani asikilize kwa utulivu.

Kwetu tunaendelea na mkufu. Mzee wangu amechagua T peke yake, bila kuchanganya na maikrofoni za vyombo, na maana yake ni kwamba akiwa na mwanawe hasikii kitu kingine chochote nyumbani, hata mimi nikimwita chakula. Wanazungumza muda mrefu. Walitetana juu ya hela za shamba, wakapatana, yote pasipo mimi. Siku moja alinyamaza akisikiliza kwa muda mrefu sana, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hata mimi iliwahi kunipata," na nilipomwuliza baadaye ni kitu gani, alijibu ni mambo ya kazi.

Nami niko jikoni, nasikia nusu ya mazungumzo. Jumapili iliyopita nusu yenyewe ilikuwa hivi: "Ndiyo. La. Tarehe tisa? Nimesikia, tisa. Hapana, hilo mwambie mama yako mwenyewe." Mpaka naandika haya bado nangoja kuambiwa.